Mtoto wa Jicho: Umri Peke Yake Haumzuii Mtu Kupasuliwa

Miongoni mwa maneno yanayosikika mara kwa mara katika familia za Unguja na Pemba, pindi mzee anapopoteza uoni wake, ni kwamba umri wake umekwenda mno na kwamba jicho lake halifai tena kutiwa kisu. Maneno hayo husemwa kwa huruma, na wakati mwengine husemwa na mzee mwenyewe. Matokeo yake ni kwamba mtu ambaye angeweza kuona tena hukaa barazani miaka mitano au sita, akishikwa mkono kwenda chooni na akihesabiwa noti zake na mtu mwengine siku ya kupokea Pensheni Jamii, ile ambayo wazee waliotimiza miaka 70 wameanza kuipata tangu Aprili 2016. Makala haya yanakusudia kueleza ni kwa kiasi gani umri wa mgonjwa huzidisha hatari ya upasuaji wa mtoto wa jicho, na ni kwa kiasi gani hatari hiyo hutokana na mambo mengine yanayodhaniwa kuwa ni umri.

Kwanza yafaa ifahamike kwamba mtoto wa jicho si nyama wala ngozi inayoota juu ya jicho. Ile nyama inayotambaa kutoka pembeni kuelekea kwenye mboni, ambayo huwapata sana wavuvi na wakulima wanaoshinda juani, ni maradhi mengine na tiba yake ni nyengine. Mtoto wa jicho ni ukungu unaotanda ndani ya lenzi, yaani kile kioo hai kilichopo nyuma ya mboni, ambacho kazi yake ni kuukusanya mwanga na kuufikisha kwenye retina, utando ulioko nyuma kabisa ya jicho. Lenzi imejengwa kwa protini zilizopangika kwa utaratibu maalumu, na ni utaratibu huo unaoifanya iwe angavu. Kadiri miaka inavyopita, protini hizo hubadilika na kugandamana, na mwanga ukawa haupiti sawasawa. Hapana tone la dawa, asali, wala maji ya majani yaliyothibitika kuurejesha uangavu huo. Kinyume chake, dawa za kienyeji zinazotiwa machoni zimewaharibia watu wengi kioo cha mbele cha jicho, na upofu wa namna hiyo hautibiki kwa wepesi kama mtoto wa jicho.

Matabibu wa zamani walidhani kuwa ni maji yanayoteremka kutoka kichwani na kuganda mbele ya mboni, na ndiyo maana katika vitabu vya tiba vya Waarabu maradhi haya yaliitwa kuteremka kwa maji. Tiba ilikuwa ni kuisukuma lenzi kwa sindano mpaka izame ndani ya jicho. Tabibu Ammar bin Ali al-Mawsili, aliyefanya kazi Misri karibu na mwaka 1000, alieleza namna ya kumfyonza mtoto wa jicho kwa sindano yenye tundu. Mwaka 1747 tabibu wa Kifaransa, Jacques Daviel, aliitoa lenzi yenyewe nje ya jicho. Na mwezi wa Novemba 1949, mjini London, Harold Ridley alikuwa wa kwanza kumtia mgonjwa lenzi ya bandia. Historia hii inatajwa kwa kuwa hofu nyingi za wazee wa leo zimetokana na upasuaji wa zamani. Kabla ya lenzi za bandia kuenea, jicho lilikatwa mkato mkubwa ukashonwa kwa nyuzi, mgonjwa akalazwa siku kadhaa bila ya kutikisika, kisha akatoka na miwani minene mithili ya vitako vya chupa. Mzee aliyemuona baba yake akipita katika hali hiyo hana makosa kuogopa; lakini anachokiogopa sicho atakachofanyiwa.

Upasuaji wa sasa hufanywa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza, iliyoasisiwa na Charles Kelman wa Marekani mwaka 1967, hutumia mashine inayoivunja lenzi kwa mitetemo ya kasi na kuifyonza kupitia mkato usiozidi milimita 3. Ya pili hufanywa kwa mkono, kwa mkato wa milimita 6 au 7 hivi uliochongwa kwa mshazari ili ujifunge wenyewe bila ya uzi. Utafiti uliofanywa Nepal na kuchapishwa mwaka 2007 ulizilinganisha njia hizo mbili na kuona kwamba baada ya miezi 6 wagonjwa wa pande zote walikuwa wakiona kwa kiwango kinachokaribiana mno. Kwa hivyo hapana haja ya mgonjwa kudhani kwamba ameonewa kwa kukosa mashine.

Lililo muhimu zaidi kwa mzee ni kwamba, kwa mtu mzima, kazi hii kwa kawaida hufanywa kwa ganzi ya jicho tu. Mgonjwa huwa anasikia, anajibu, na mara nyingi hurudi kwao siku hiyo hiyo. Nusu kaputi, ambayo ndiyo inayowatia watu hofu juu ya moyo na mapafu ya wazee, haihitajiki isipokuwa kwa wachache wasioweza kutulia. Hofu ya kwamba mzee hatoamka haina nafasi pale ambapo hakulazwa usingizi.

Ama kuhusu hatari ya jicho lenyewe, kipimo kinachotumiwa sana na wataalamu ni kupasuka kwa kifuko cha lenzi. Lenzi imo ndani ya kifuko chembamba mno. Daktari hukifungua upande wa mbele, akaitoa lenzi iliyochafuka, na akauacha upande wa nyuma ili uibebe lenzi mpya. Upande huo wa nyuma ukipasuka, ute uliomo ndani ya jicho huweza kuja mbele, kazi ikawa ndefu, na uwezekano wa maambukizo na wa kubanduka kwa retina ukazidi. Nchini Uingereza, hesabu za upasuaji 55,567 zilizochapishwa mwaka 2009 zilionesha kwamba ajali hiyo ilitokea chini kidogo ya mara 2 katika kila macho 100. Kwa wagonjwa wa miaka 90 na zaidi, uwezekano wake ulikuwa zaidi kidogo ya mara 2 ya ule wa walio chini ya miaka 60. Mwenye kusema kwamba umri una uzito wake atakuwa amesema kweli.

Lakini katika hesabu hizo hizo, lenzi iliyokwisha kuwa ya kahawia au nyeupe kabisa iliongeza hatari karibu mara 3, kiasi kinachoupita umri wa miaka 90; na daktari aliye katika hatua za mwanzo za mafunzo aliongeza hatari kuliko vyote hivyo, akilinganishwa na daktari bingwa. Maana yake ni kwamba mtu wa miaka 70 aliyengoja mpaka lenzi yake ikageuka kahawia huweza kuwa katika hatari kubwa zaidi kuliko mtu wa miaka 90 aliyewahi. Hesabu hizo ni za Uingereza, na haziwezi kuhamishwa kama zilivyo mpaka Chake Chake au Mkoani, ambako wagonjwa wengi hufika wakiwa wamekwisha chelewa. Hata hivyo mwelekeo wake unafahamika, na kwa Visiwani unatilia nguvu zaidi hoja ya kuwahi.

Yapo mambo yanayofuatana na uzee ambayo daktari huyatafuta kabla ya kushika kisu. Nyuzi zinazoishikilia lenzi hulegea. Mboni hukataa kutanuka hata ikitiwa dawa. Chembe zinazokiweka kioo cha mbele katika hali ya uangavu hupungua, na zikipungua hazizaliwi upya. Baadhi ya wazee huwa na vumbi jeupe linaloganda kwenye ukingo wa lenzi, dalili ya nyuzi dhaifu na pengine ya presha ya jicho. Kila moja kati ya hayo lina namna yake ya kukabiliwa, ilimradi lijulikane mapema. Ajali nyingi hutokea pale jambo linapogunduliwa katikati ya kazi.

Jambo moja linastahili kutajwa peke yake, kwa sababu wanaume wengi huona haya kulisema. Mwaka 2005 madaktari wawili wa Marekani walieleza kwamba wagonjwa wanaotumia tamsulosini, dawa ya tezi dume inayorahisisha mkojo, huwa na utando wa rangi ya jicho uliolegea na kupepea mfano wa tanga lisilofungwa, na mboni ikajifunga wakati wa kazi. Wazee wanaotumia dawa hiyo ni wengi, na baadhi yao hawapendi hata watoto wao wajue. Kuacha dawa siku chache kabla ya upasuaji hakuliondoi tatizo. Kinachosaidia ni daktari kuambiwa, ili ajitayarishe. Daktari wa macho akiuliza habari za mkojo hajatoka nje ya kazi yake.

Yapo pia mambo yasiyohusu jicho hata kidogo. Mzee mwenye pumu au moyo uliochoka hawezi kulala chali nusu saa. Mwenye kikohozi hukohoa wakati usiofaa. Asiyesikia vizuri hageuki anapoambiwa ageuke, na aliyeanza kusahau huinua mkono kulishika jicho. Hayo yote hutatuliwa kwa kupanga: mto wa ziada, kikohozi kutibiwa kwanza, mtoto au mjukuu kukaa karibu na kumshika mkono. Familia inapomleta mzee na kuyanyamazia ili asije akakataliwa, huwa inamzidishia hatari ile ile inayotaka kumwepusha nayo.

Maambukizo ndani ya jicho ni nadra, lakini yakitokea huweza kulipofua jicho kwa siku chache, na wazee sana ni miongoni mwa wanaopatwa zaidi. Kinga yake inajulikana. Jicho husafishwa kwa dawa ya iodini kabla ya kazi. Na utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2007 ulionesha kwamba kutia dawa ya sefuroksimu ndani ya jicho mwishoni mwa upasuaji hupunguza maambukizo kwa kiasi cha mara 5.

Ni lazima pia izungumzwe hatari ya kutokupasuliwa, kwani mara nyingi husahauliwa katika mizani. Mtoto wa jicho akiachwa mpaka akapevuka kupita kiasi, lenzi huvimba au ikavuja, njia za maji ya jicho zikaziba, na presha ya jicho ikapanda ghafla. Mgonjwa huja na maumivu makali, jicho jekundu na kutapika. Na hapo upasuaji hufanywa kwa dharura, katika jicho lenye hasira, pengine mishipa ya uoni ikiwa imekwisha kuharibika. Aliyekuwa akiambiwa apumzike kwa sababu ya umri wake hupasuliwa hatimaye akiwa na umri mkubwa zaidi, na katika hali mbaya zaidi.

Isitoshe, asiyeona huanguka. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2005 kwa wanawake 306 waliopita miaka 70 ulionesha kwamba waliowahi kupasuliwa jicho la kwanza walianguka mara chache zaidi, kwa upungufu wa asilimia 34, kuliko waliongojeshwa. Na hesabu za wazee zaidi ya milioni moja wa Marekani, zilizochapishwa mwaka 2012, zilionesha kwamba waliopasuliwa mtoto wa jicho walivunjika nyonga kwa uchache zaidi katika mwaka uliofuata, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa kwa wenye miaka 80 hadi 84. Kila muuguzi wa wodi ya mifupa anajua nini humfika mzee wa umri huo akivunjika nyonga. Ukiyaweka hayo upande mmoja wa mizani, na mkato wa milimita chache upande wa pili, hoja ya kwamba mzee aachwe kwa usalama wake hupungua nguvu.

Hata hivyo si haki kumuahidi kila mzee kwamba ataona kama alivyokuwa kijana. Jicho la mtu wa miaka 85 huweza kuwa na maradhi mengine nyuma ya ule ukungu: retina iliyochakaa katikati, madhara ya sukari, au presha ya jicho iliyokula mishipa kimya kimya. Lenzi mpya haitibu hayo. Mara nyengine ukungu huwa mzito kiasi kwamba daktari hawezi kuiona retina mpaka lenzi itolewe, na hapo hata yeye hajui atakuta nini. Mgonjwa anayeelezwa hivyo kabla hupokea matokeo kwa utulivu; asiyeelezwa hurudi kijijini na kusema kwamba ameharibiwa jicho, na maneno yake huwazuia kumi wengine.

Wengi hawafikirii kwamba umri mdogo nao una hatari zake, na baadhi yake ni kubwa kuliko za uzee. Mtoto mchanga aliyezaliwa na maradhi haya hawezi kungojeshwa kama mtu mzima, kwa sababu ubongo wake hujifunza kuona katika miezi ya mwanzo. Jicho lisilopata mwanga wakati huo huwa vivu, na likishakuwa vivu, lenzi nzuri kabisa haitolizindua. Wataalamu hupendelea ukungu mzito uondolewe ndani ya majuma machache ya mwanzo ya maisha. Lakini nao huchelea kuharakisha mno, kwani upasuaji katika mwezi wa kwanza huzidisha uwezekano wa presha ya jicho baadaye, na kwa mtoto nusu kaputi haiepukiki. Baada ya upasuaji utando wa nyuma hujifunga ukungu upya kwa karibu kila mtoto usipofunguliwa, na jicho huendelea kukua, hivyo miwani hubadilishwa kila mara. Uchunguzi juu ya watoto waliofikishwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, uliochapishwa mwaka 2005, ulionesha kwamba wengi walikuwa wamecheleweshwa kwa muda mrefu. Mzazi akiona weupe katika mboni ya mtoto wake asingoje akue: weupe huo huweza kuwa mtoto wa jicho, na huweza kuwa saratani ya jicho. Rubela kwa mama mjamzito ni miongoni mwa sababu za maradhi haya kwa watoto, na chanjo yake, iliyoingizwa nchini pamoja na ya surua mwaka 2014, ni kinga isiyo na gharama kwa mzazi.

Kwa watu wa makamo, hasa wanaume wenye macho marefu wasioona mbali bila ya miwani, hatari inayochungwa ni kubanduka kwa retina baada ya upasuaji, hata miaka kadhaa baadaye. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa aliye na miaka 45 kuliko kwa aliye na miaka 80. Dalili zake ni vimulimuli, vitone vyeusi vingi vya ghafla, au pazia linaloshuka upande mmoja wa jicho. Mtumishi wa umma aliyepata mtoto wa jicho mapema kwa sababu ya sukari au ya kutumia dawa za steroidi kwa muda mrefu ajue pia kwamba lenzi ya bandia ya kawaida haijibinyi kama ya asili. Kwa kawaida atahitaji miwani ya kusomea mafaili hata kama hakuwa akiitumia.

Kabla ya upasuaji, sukari na shinikizo la damu vidhibitiwe, na dawa zote zitajwe, za hospitali na za duka. Dawa za kuyeyusha damu zisiachwe bila ya amri ya daktari. Wapo wanaodai kwamba mzee lazima apimwe kila kipimo kilichopo. Lakini utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2000, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 18,000, haukuona kwamba vipimo vya jumla vya damu na moyo, vinapofanywa kwa desturi tu bila ya sababu, vinaupunguzia upasuaji huu madhara. Vipimo vifanywe pale hali ya mgonjwa inapovidai.

Baada ya upasuaji jicho lisisuguliwe, lisiingie maji, na mgonjwa asiinue mzigo wala kuinama mno kwa muda atakaoambiwa. Suala la udhu na sijida huulizwa na takriban kila mzee: sharia imeweka nafasi ya kutayamamu pale maji yanapodhuru, na ya kuswali kwa kuashiria kwa asiyeweza kusujudu. Ama dawa ya matone mwezi wa Ramadhani, katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi Visiwani, kinachotiwa jichoni hakifunguzi. Hapana sababu ya kuyaacha matone mchana.

Kukwaruza kidogo na machozi ya siku ya kwanza ni jambo la kawaida. Maumivu yanayozidi, wekundu unaoongezeka, au uoni uliokuwa mzuri jana na leo umefifia, si jambo la kawaida katika umri wowote. Mgonjwa mwenye dalili hizo asingoje tarehe iliyoandikwa katika kadi yake. Arudi hospitali siku hiyo hiyo, na kama hana wa kumfikisha, amuarifu sheha wake.